Sabuni ya Karatasi Dukani kwa Mke Wangu

Daktari aliniambia niache kuendesha. Nilikuwa nimelala kifudifudi kwenye kitanda chake, naye anaubonyeza mgongo wangu kwa vidole viwili, pingili baada ya pingili, na alipofika chini nikasikia moto ukikimbia mpaka kwenye unyayo. Mimi nilikuwa dereva wa utalii. Ujana wangu wote na sehemu kubwa ya utu uzima niliumalizia kwenye usukani, nikipeleka wageni mbugani na kuwarudisha, katika barabara ambazo gari linatikisika hadi unasahau kuna kutulia.

"Tembea," daktari alisema. "Kila siku utembee. Usibebe kitu kizito, usiiname sana, na hizo barabara za mbugani uziache kabisa."

Nikavaa shati, nikashukuru, nikatoka. Nje nilisimama na funguo za gari la ofisi mkononi nikiwa sijui niende upande gani.

Nikarudi nyumbani. Kwetu ni juu ya Tengeru, ukipandisha kuelekea Mlima Meru, katikati ya migomba na kahawa. Watoto wetu wameshatoka. Mkubwa yuko Dodoma kikazi, na binti wa mwisho amepanga chumba Elerai, mjini Arusha. Nyumbani tumebaki mimi, mke wangu, na ng'ombe mmoja wa maziwa ambaye mke wangu humsemesha kuliko anavyonisemesha mimi. Mbele ya nyumba, kando ya barabara ya vumbi, mke wangu ana duka dogo. Anauza chumvi, kiberiti, mafuta ya kupimia, vocha, dawa za mswaki, sabuni.

Wiki za kwanza nilidhani nitapumzika. Nilikaa kibarazani, nikainuka. Nilienda kuangalia migomba, nikarudi. Nikasikia gari likipanda mlima kwa gia isiyofaa, nikatoka nje kumwangalia dereva aliyekuwa akilitesa. Siku moja niliingia dukani nikaanza kuzipanga upya rafu za mke wangu, mafuta upande huu, sabuni upande ule, ili mteja akiingia aone kila kitu. Mke wangu alitoka jikoni akasimama mlangoni.

"Baba, unafanya nini?"

"Napanga."

"Duka hili nimeliendesha miaka yote uliyokuwa mbugani. Halijawahi kupotea chumvi kwa sababu wewe hupo." Akanishika mkono taratibu, akanitoa nje kama anayemtoa kuku jikoni.

Ndipo nikaanza kufua. Sikuombwa. Niliona beseni limejaa nguo uani, nikaona mke wangu ana wateja, na mimi sina kazi. Kuinama kulinishinda, kwa hiyo nikatoa meza ya zamani ya watoto, ile waliyokuwa wakiandikia, nikaiweka chini ya mparachichi na beseni juu yake, nikafua nimesimama. Waliopita barabarani walipunguza mwendo. Mwanamume mzima, tena aliyezoeleka kuonekana na kofia ya safari, anasugua kola za mashati hadharani. Mmoja aliniuliza kama mama yuko salama. Nikamwambia yuko salama, yuko dukani. Alienda akigeuka nyuma.

Nilifua kwa sabuni ya unga iliyokuwa dukani, ile ya vipakiti vidogo. Unakata kona kwa meno, unamwaga, kipakiti unakitupa shimoni nyuma ya banda. Kila mtu huku anafua hivyo. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilikatazwa tukazoea vikapu, lakini vipakiti vilibaki, na kwa kuwa ni vidogo hakuna anayeviona.

Kisha ng'ombe akaugua.

Ilianza kwa kuacha pumba. Halafu akaacha kucheua. Mke wangu aligundua kabla yangu, maana yeye husikiliza mataya ya yule ng'ombe kama mtu anayesikiliza saa ya ukutani. Tumbo lilivimba upande wa kushoto, maziwa yakapungua yakawa ya kikombe. Tulimpa mafuta, tukamtembeza uani, haikusaidia. Nikampigia simu daktari wa mifugo, akaja na pikipiki, begi limefungwa nyuma. Alimpapasa, akamgonga ubavuni kwa kidole, akasikiliza.

"Amekula kitu kisichosagika," alisema. "Na kimekaa muda mrefu. Ama tumfungue, ama mumuite mchinjaji."

Mke wangu hakunitazama. "Mfungue," alisema.

Sikuwa nimewahi kuona ng'ombe akipasuliwa akiwa amesimama. Daktari alimnyoa ubavuni, akamchoma sindano za ganzi, akasubiri, akakata. Mke wangu alishika kamba ya kichwani akawa anamnong'oneza kwa Kimeru. Mimi nilishika ndoo. Daktari alivaa glavu ndefu hadi begani, akaingiza mkono mzima ndani ya tumbo la mnyama yule, uso wake umegeukia kwenye migomba kana kwamba anawaza jambo lingine, kisha akaanza kutoa.

Kwanza yalitoka majani mabichi yaliyochacha, yenye harufu ya kukata pumzi. Halafu kamba ya katani. Halafu bonge lililosokotana, zito, jeusi, ambalo alilazimika kulivuta kwa mikono miwili. Alilitupa kwenye ndoo yangu. Akatoa lingine. Nilitaka kuangalia pembeni, nikashindwa. Alipomaliza, akiwa anashona, nilimwaga ndoo kwenye nyasi na kulichokonoa lile bonge kwa kijiti. Vilikuwemo vipande vya mifuko ya zamani, karatasi za biskuti, na vipakiti vya sabuni, vingi, vimekunjamana kama majani ya chai. Kimoja bado kilikuwa na rangi zake, bluu na chungwa, hata kona iliyokatwa kwa meno ilionekana.

Mke wangu alikuja akasimama karibu yangu. Alikitambua. Dukani kwake vilikuwa vimening'inia mlangoni, mkanda mzima, bluu na chungwa, mteja akitaka kimoja anachaniwa.

"Majani tunakata wapi?" aliuliza, ingawa alijua.

"Kando ya mfereji."

Aliingia ndani kuosha mikono.

Ng'ombe alipona. Alibaki na kovu refu ubavuni na maziwa hayakurudi kama mwanzo, lakini alikula. Aliyekosa raha nilikuwa mimi. Kila nilipofunga macho niliuona ule mkono unaingia na kutoka. Shimo letu la taka lilikuwa na uzio, ng'ombe hafiki. Basi vile vipakiti vilikuwa vikitoka juu, vikiletwa na maji, vinanasa kwenye majani tunayokwenda kukata sisi wenyewe na kumletea. Daktari wangu alisema nitembee. Nikaona heri nitembee nikijua ninakokwenda.

Mfereji wetu unatoka juu karibu na msitu, unakatiza mashamba ya watu mpaka unatufikia sisi, na chini yetu unaendelea. Asubuhi nilichukua kiroba na kijiti chenye msumari nikaanza kupanda nikiufuata. Niliokota. Kila palipokuwa na jiwe au mzizi, palikuwa na kipakiti. Mgongo uliniuma nikapumzika, nikaendelea. Sikufika mwisho siku ya kwanza, wala ya pili. Nilirudi na kiroba kimejaa, mke wangu akakiangalia bila kuuliza, kesho yake nikatoka tena. Nilijisikia nina kazi. Lakini asubuhi iliyofuata palepale nilipookota palikuwa pamejaa vingine, na nikakasirika kwa namna ambayo sijui nilikuwa nimemkasirikia nani.

Siku niliyofika juu zaidi nilimkuta mama mmoja akifua. Alinizidi umri, amejifunga kanga mbili, amekaa juu ya jiwe, sare za shule za wajukuu zikiwa kwenye karai. Pembeni yake kulikuwa na vipakiti vitatu vitupu. Cha nne kilikuwa kinaelea kuja kwangu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba." Alinikagua, kiroba na kijiti. "Wewe si mume wa mwenye duka? Yule aliyekuwa anaendesha Wazungu?"

"Ndiye mimi."

"Na sasa unaokota takataka."

Hakuwa na ubaya, alikuwa anaeleza tu anachokiona. Nikamweleza habari za ng'ombe. Alisitisha kufua akasikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa.

"Pole sana. Anakula sasa?"

"Anakula."

"Mungu ashukuriwe." Kisha akauliza, "Kwa hiyo umekuja kuniambia nini?"

"Mama, hivi vipakiti ungevirudisha nyumbani badala ya kuviacha majini."

"Nikavifanyie nini nyumbani? Nikivichoma, ule moshi unawakohoza wajukuu. Nikivifukia, nikilima vinatoka tena. Wewe hicho kiroba chako unakipeleka wapi?"

Viroba vyangu vyote vilikuwa vimepangwa nyuma ya banda, nimeshaanza kuona aibu navyo. Niliaga, nikashuka haraka kuliko mgongo ulivyoruhusu.

Nilipofika nyumbani niliingia chumbani nikaanza kupekua begi langu la safari. Sikujua natafuta nini mpaka nilipokishika. Ni kiboksi cha karatasi ngumu, kimechorwa jani, alichonipa mgeni mmoja mama wa Kizungu msimu wangu wa mwisho. Wageni wakimaliza safari huacha vitu kwa dereva, betri, mafuta ya jua, soksi. Yeye alinipa kile kiboksi akiwa tayari anapanda ndege ndogo, injini zinanguruma, na katika maneno yake nilidaka neno la kusafisha tu. Ndani kulikuwa na karatasi nyeupe nyembamba. Nikadhani ni za vioo. Kesho yake asubuhi nililowesha moja nikasugua kioo cha mbele cha gari mbele ya madereva wenzangu wote. Karatasi iliyeyuka mkononi. Povu likajaa kioo, nikawasha wipa, likaruka mpaka kwenye boneti, na kadiri nilivyomwaga maji ndivyo lilivyozidi. Walicheka wenzangu mpaka wengine wakakaa chini. Tangu hapo waliniita jina ambalo silisemi, na kile kiboksi nilikisahau begini.

Sasa nilikaa kitandani nikasoma maandishi yake vizuri. Ilikuwa sabuni ya kufulia. Haina chupa wala kipakiti. Unachana, unatia majini, inayeyuka, kinabaki kiboksi ambacho ukikitupa kinaoza.

Nilifua siku hiyohiyo, pale mezani chini ya mparachichi. Mashati yalitakata. Mke wangu alipita, akanusa moja likiwa kambani.

"Halinuki kitu," alisema.

"Ni safi."

"Nguo safi inanukia."

Kesho yake nilipanda tena kwa yule mama nikiwa na karatasi mfukoni. Aliichukua kwa ncha za vidole, akaishika kwenye mwanga.

"Hii ni nini? Ya kufungia maandazi?"

"Tia kwenye karai."

Aliitia. Ikalegea, ikapauka, ikapotea. Akakoroga maji akiitafuta. "Imekwenda wapi?"

"Ndiyo imeshakuwa sabuni."

Alifikicha kola ya shati la shule, akaisuuza, akaiangalia. Akafikicha nyingine. "Povu lake dogo."

"Kinachofua si povu, mama."

"Wewe umeanza kufua lini?" aliniuliza. Lakini wakati naondoka aliniita. "Niachie nyingine."

Hilo neno lilinipa wazimu. Nilimpigia simu binti yetu wa Elerai, akiwa kazini, nikamwambia aache chochote anachofanya anitafutie sabuni ya karatasi mjini. Alizunguka jioni kadhaa. Mwishowe alizipata kwenye duka moja ambalo wateja wake wengi ni wageni, akanunua viboksi alivyoweza, akanitumia. Nikaenda na viboksi vyangu dukani kwa mke wangu, nikaviweka juu ya meza.

"Uza hizi. Ule mkanda ushushe."

Aliacha kupima mafuta. "Nani atanunua boksi zima? Mtu anakuja hapa na hela ya kufulia leo. Kesho hajui."

"Tutazikata. Mtu ananunua kipande."

"Na asiyetaka?"

"Atazoea."

"Hatazoea, atavuka barabara, atanunua kipakiti kwa jirani, na chumvi yake atainunua hukohuko." Alifunga kifuniko cha dumu. "Halafu, baba, unazungumza kama mimi ndiye niliyemlisha yule ng'ombe."

Nilisema sijasema hivyo. Akasema ninapita mlangoni kila siku na kiroba, nauangalia ule mkanda, nashusha pumzi, anaisikia mpaka ndani. Ilikuwa kweli. Tulikaa siku mbili tukizungumza mambo ya ng'ombe tu. Siku ya tatu nilimkuta na mkasi, anakata zile karatasi vipande vinne vinne, anavipanga kwenye chupa ya kioo iliyokuwa ya pipi. Mkanda wa vipakiti alikuwa ameutoa mlangoni akauweka rafu ya nyuma. Hakuutupa. Mteja akiuliza sabuni ya unga anampa, ila kwanza anamwonyesha chupa.

Na walinunua! Wengine kwa udadisi, wengine kwa kunicheka, wengine kwa sababu mke wangu akikueleza jambo huwezi kutoka bila kulikubali. Mwalimu mmoja jirani alichukua vipande vya wiki nzima. Mimi nilikuwa natembea mferejini asubuhi na jioni nikihesabu moyoni kwamba leo vimepungua, ingawa sina hakika kama vilipungua au nilikuwa navitazama kwa matumaini. Nilianza kupanga mipango. Ngaramtoni siku ya soko, nikaweke meza pale. Soko la Tengeru nako. Kanisani nikaombe nafasi baada ya matangazo. Mke wangu alinisikiliza akichambua maharage. "Pumua kwanza," aliniambia.

Halafu masika ikaingia. Anayeijua Meru anajua ukungu wake ukishuka unavyolala kwenye migomba na kuingia ndani ya nyumba bila kubisha. Nguo zinakaa kambani siku tatu zinanuka moshi. Chupa ile ya pipi kifuniko chake kilikuwa na ufa. Siku moja mke wangu alichukua kipande cha mteja, vikaja vyote. Karatasi zilikuwa zimeshikana zikawa bonge moja laini, na viboksi vilivyokuwa chini ya rafu vilikuwa vimelowana vilevile.

Jioni aliniita. Hakupaza sauti, na hapo ndipo nilipojua amekasirika.

"Wamenirudia leo. Yule mwalimu amesema nimemuuzia karatasi iliyogeuka ugali kabatini kwake. Mbele ya watu, baba. Mimi watu wananiamini kwa kipimo changu cha mafuta."

"Nitazungumza naye."

"Usizungumze na mtu. Kaa tu."

Sikukaa. Asubuhi nilishuka Tengeru nikaenda mjini, nimejiambia nakwenda kutafuta makopo yenye vifuniko vinavyobana. Nilizunguka madukani bila kununua kitu, nikaishia Elerai kwa binti yangu, nikamsubiri nje mpaka alipotoka kazini. Alinipikia chai. Nilipomweleza yote alisema kuna jambo alilisoma akasita kuniambia.

"Baba, hiyo karatasi yenyewe, kinachoishikanisha ni kitu cha jamii ya plastiki. Kinachoyeyuka. Wengine wanasema kikishayeyuka kinaliwa na vijidudu kinaisha, wengine wanasema hakiishi chote. Hawajakubaliana."

Niliweka kikombe chini. "Kwa hiyo nimekuwa nawauzia watu nini?"

"Umekuwa unawauzia sabuni isiyo na kipakiti. Hicho hakimwingii ng'ombe tumboni. Mimi ningeendelea."

Alisema vizuri, na huenda alikuwa sahihi, lakini nilirudi nyumbani nikiwa nimevurugika kabisa. Njia nzima nilifikiri niache, nikafikiri nisiache. Nilifikiri nimpigie bosi wangu wa zamani nimwambie mgongo umepona, anipe gari, niende mbali ambako ninachodaiwa ni kuwaona simba na kurudi salama.

Nilipofika, duka lilikuwa limefungwa na sauti zilikuwa zinatoka uani. Nikazunguka. Mke wangu alikuwa ameweka sufuria kubwa jikoni kwenye kuni. Karibu yake alikuwa amekaa yule mama wa mferejini, na kopo la rangi lililooshwa likiwa kwenye mapaja yake. Alikuwa amekuja kutafuta karatasi yake, akakuta bonge, akakataa kuondoka mikono mitupu. Basi walikuwa wamelikata lile bonge lote kwa kisu wakalitia kwenye maji ya moto, na mke wangu anakoroga kwa mwiko wa zamani. Lilikuwa limekuwa zito, jeupe, kama uji wa mtoto.

"Ukitia maji mengi itakuwa maji tu," yule mama alikuwa anasema.

"Nikitia machache itaganda asubuhi."

"Acha igande. Ya kuganda naichota kwa kijiko."

Nikawasalimia. Nikawaeleza, nimesimama, alichoniambia binti yetu kuhusu ile karatasi. Yule mama alinitazama, halafu akamtazama mke wangu.

"Sasa anataka tuvae majani ya migomba?" aliuliza.

Mke wangu alicheka. Ilikuwa mara ya kwanza tangu ng'ombe apasuliwe. Alicheka mpaka akauachia mwiko, na mimi nikaona kicheko kinanijia pia, ingawa sikuwa nimetatua chochote.

Ndivyo ilivyobaki. Karatasi zikija kutoka mjini, mke wangu anaziyeyusha na kuweka kwenye ndoo yenye mfuniko, na anayetaka anakuja na kopo lake anapimiwa kwa kikombe, kama mafuta. Mwalimu alirudi, kwanza akijifanya amekuja kununua vocha. Si wote wanaotaka. Wenye nguo nyeupe wanasema unga unatakatisha zaidi, na wengine wanapenda harufu, na siku ambayo karatasi hazijafika ule mkanda wa rafu ya nyuma unarudi kuchanwa. Mke wangu haombi radhi kwa hilo. Viroba vyangu mwishowe vilipanda lori la taka pale sokoni Tengeru, na linakovipeleka nimeamua kutouliza kwa sasa.

Mfereji bado una vipakiti. Ni vichache kuliko zamani, nadhani. Huwa nabishana na nafsi yangu.

Baadaye ofisi ilinipigia. Walitaka mtu wa kupokea wageni uwanja wa ndege na kuwaleta hotelini mjini, lami tupu, safari fupi. Daktari alikubali kwa shingo upande. Mimi nilikuwa nimekubali kabla mpigaji hajamaliza kusema. Nilidhani nikishika usukani tena kitu fulani ndani yangu kitatulia, na siku za kwanza kilitulia kweli. Lakini nikiwa pale uwanjani na kibao cha jina la mgeni, nawaza kama ndoo imefunikwa, kama yule mama amechota, kama kuni zimelowa. Nikiwa nyumbani nawaza ndege.

Juzi nilirudi mapema, mvua imekatika kidogo. Wanawake watatu walikuwa uani na makopo yao, mke wangu katikati, wanabishana kama kuongeza maji ya moto au kuiacha ilivyo. Nilisimama nikasikiliza, nikaona wanakosea, nikatoa rai yangu.

"Baba, kaa," mke wangu alisema bila kugeuka, na akanisogezea kigoda kwa mguu.

Nilikaa. Waliendelea bila mimi, na ilikwenda vizuri bila mimi, na hilo lilinifurahisha na kunichoma kwa pamoja. Juu ya mlima ukungu ulikuwa umeanza kushuka tena. Nikainuka kwenda kuanua nguo.